Fataki haramu (pwani ya Kilifi)

Fataki ni vilipuzi vya sherehe. Nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na kuziuza bila kibali ni kosa hata asipoumia mtu.

Akiumia, mambo hubadilika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, humwadhibu anayehatarisha maisha ya wenziwe kwa uzembe (kifungu cha 243). Kuua bila kukusudia huweza kuleta kifungo cha maisha (kifungu cha 205). Ni haki iwe hivyo.

Malindi na Watamu, ambako majengo mengi huezekwa makuti, hatari haiishii kwenye vidole vilivyoungua: mkesha wa Mwaka Mpya, kaskazi ikivuma, cheche moja yaweza kurukia paa, kisha la jirani.

Wenye sherehe na waombe kibali mapema, wawashie ufuoni, mbali na makuti.