Taya la Mtoto na Safari ya Waganga Watatu

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mganga Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, mganga wa kupasua, amtazame mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka kama mitano. Uso wote ulikuwa umevimba: taya la juu kuume na kushoto, na taya la chini vilevile. Meno yalikuwa yamelegea. Jipu la jino hushika upande mmoja tu; huu ulishika pande zote nne. Burkitt akapiga picha, lakini dawa hakuwa nayo.

Baada ya majuma machache alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akamchunguza, akakuta uvimbe tumboni pia. Aliporudi Mulago alifungua madaftari ya wagonjwa, akawakuta watoto wengi wa namna hiyo. Hata mganga Albert Cook, aliyefika Uganda mwaka 1897, alikuwa ameuandika ugonjwa huo huko Mengo. Kumbe watu waliuona kwa miaka mingi, bali kila mmoja aliona mtoto wake peke yake.

Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari hii katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Wachache tu waliijali. Wapimaji wa nyama za mwili walionyesha baadaye kwamba ni kansere ya chembe za damu zilizo kinga ya mwili. Hukua upesi kuliko karibu kansere zote, na mara nyingi huanzia tayani. Kisu hakikufaa: kumkata mtoto taya ni kumharibu uso, na uvimbe ulirudi.

Basi akauliza: wapi ugonjwa huu uko, na wapi hauko? Feza ya kwanza aliyopewa ilikuwa pauni 25. Kwa hiyo alichapa karatasi zenye picha za watoto, akazituma kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, katika motokari iliyokwisha kutumika. Kwa majuma kumi walikwenda kilometa kama 16.000 hadi Afrika ya Kusini, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50. Swali lilikuwa moja: Je, mmeona uso kama huu? Wengi waliojibu walikuwa waganga na wauguzi wa vijijini, watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Mimi naona nusu ya sifa ni yao.

Majibu yakachora ramani. Ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto na mvua. Milimani penye baridi ulikosekana. Ramani hiyo ilifanana na ile ya mbu. Wengine wakadhani mbu ndiye anayeileta kansere yenyewe. Sivyo.

Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alikuwa amezungumza London, na Anthony Epstein alimsikia. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikatua Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa machafu machafu, kama yaliyooza. Epstein hakuyamwaga, akatazama, akaona chembe hai zinaelea. Kutoka chembe hizo, mwaka 1964, yeye na Yvonne Barr na Bert Achong walionyesha virusi vipya. Leo twajua kwamba karibu watu wote duniani wanavyo, kwa njia ya mate. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayolegeza kinga ya mtoto, ikavipa virusi nafasi. Hivyo mbu ana hatia, ila si ile waliyomdhania.

Na kisu? Kampala hapakuwa na mashine ya kuchoma kansere kwa miali. Burkitt akajaribu dawa, na watoto wengine wakapona kwa vipimo vichache tu. Mtoto wa miaka sita kung'oka meno si ajabu, kila mama ajua. Lakini taya likivimba na meno kucheza pamoja, hospitali ni siku ile ile: uvimbe huu waweza kuzidi maradufu kwa siku chache, na dawa hushinda zaidi ungali mdogo.