Udongo Juu ya Paa

Wapo wataalamu wa ujenzi wanaotuhimiza siku hizi tuoteshe majani juu ya mapaa ya majengo ya mjini. Hoja zao si za kupuuzwa. Paa lenye udongo na majani hunywa sehemu ya mvua kabla haijafika mtaroni, hupoza chumba kilicho chini yake, na huwapa nyuki na ndege mahali pa kutua. Ujerumani wamelishughulikia jambo hili kwa miongo mingi, na mji wa Toronto, huko Kanada, ulipitisha mwaka 2009 sheria ndogo iliyotaka majengo mapya yenye sakafu ya kuanzia mita za mraba 2,000 yawe na sehemu ya paa iliyooteshwa mimea.

Habari hizi nilizisoma nikiwa Kinole, kwetu, kwenye mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, na nilicheka kidogo. Sisi tuliozaliwa huku zamani tulizaliwa chini ya majani. Paa la bibi yangu lilikuwa la nyasi, jeusi kwa ndani kwa sababu ya moshi wa kuni, na moshi huo ndio ulioyatunza majani yasiliwe na wadudu. Masika yalipozidi, upande usiopata jua uliota kuvu na vijani vidogo, na mboga ya maboga iliyopandwa nyuma ya jiko ilitambaa yenyewe mpaka juu, ikazaa huko. Boga la juu ya paa lilikuwa letu watoto, kwa kuwa hapakuwa na mtu mzima ambaye paa lingemhimili kwenda kulichuma.

Lakini hilo lilikuwa paa la majani makavu. Kama tunatafuta nchini mwetu paa la udongo hasa, hatuna budi kwenda Dodoma kwa Wagogo. Tembe la Kigogo lina paa bapa: nguzo nene, juu yake boriti, kisha fito zilizobanana, kisha udongo uliokandwa na kushindiliwa. Mvua ikinyesha nyasi huota juu yake, na mgeni aliye mbali huweza kudhani ni kichuguu kirefu. Ndani hamna joto la mchana wala baridi kali ya usiku. Nyumba hiyo ilibuniwa kwa nchi yenye mvua chache, na ingejengwa Kinole isingemaliza masika moja. Hata hivyo ina somo kwa yeyote anayezungumzia mapaa ya kijani. Ukiingia ndani ya tembe, kitu cha kwanza unachokiona ni nguzo. Ziko nyingi, ziko karibu karibu, na huwezi kupita bila kuzizunguka. Mjenzi alikwisha kupiga hesabu ya mzigo kabla hajapandisha kikapu cha kwanza cha udongo.

Tembe na msonge vyote viliangukia katika dharau moja. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na katika miaka ya vijiji iliyofuata, nyumba bora ilikuwa yenye bati. Siwalaumu waliofurahi. Bati haliungui kwa cheche ya jikoni, halitaki kuezekwa upya, na maji yake ya mvua hukingwa yakiwa safi. Anayesifia nyasi leo, na hajawahi kuamka usiku kusogeza kitanda kwa sababu ya tone, anasifia kitu cha picha.

Nikifikiri zaidi nikaona kwamba mji wa Dar es Salaam tayari una paa la kijani. Liko mbali nao, na ndilo ninaloliona nikifungua mlango. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600, huzuia pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi. Miteremko ya juu ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Misitu na mashamba hunywa maji hayo, huyaachia polepole, na Mto Ruvu huyachukua hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu, iliyoanza mwaka 1959, na Ruvu Chini, iliyoanza mwaka 1976. Mji wenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 unakunywa hasa kutoka kwenye mfereji wa paa hili. Paa likiharibika, mfereji unaleta tope wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Oktoba mwaka huo huo wa 2022 Dar es Salaam ilipewa maji kwa mgawo, kwa sababu Ruvu ilikuwa imepungua.

Paa hili lina historia ya kuhimizwa, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha huku mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Maofisa walikuwa wameona udongo ukiteremka mitoni, na hofu yao haikuwa ya uongo. Dawa waliyoileta ilikuwa amri. Mlima ulitakiwa ukatwe ngazi kwa jembe la mkono, kuchoma majani ya shamba kukapigwa marufuku, na asiyetii akatozwa faini katika baraza la wenyeji. Watu walichimba. Ngazi zikageuza udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu, na ule mzuri ukafukiwa. Mahali pengine maji yalituama kwenye ngazi na mteremko mzima ukaporomoka. Mahindi yakadhoofu. Kazi ilikuwa ya Mluguru na njaa ikawa yake. Manufaa ya mto yalikuwa ya watu wa chini aliokuwa hawajui.

Palikuwa na jambo jingine ambalo maofisa hawakulipima vizuri. Ardhi kwa Waluguru ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa upande wa mama. Mwenye kulima shamba siye daima mwenye kauli juu yake. Na hapa Kinole ndipo penye nasaba ya Kingalu, ambayo tangu zamani watu waliijia kwa habari za mvua. Milima hii, basi, haikukosa wasimamizi wake wa maji na udongo. Amri iliyotoka ofisini iliwapita wote hao, au iliwatumia kama matarishi, na heshima yao ikaharibika pamoja nayo. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nayo ilisikilizwa. Mpango ukaachwa.

Ingekuwa rahisi kusema Mluguru hapendi ngazi. Lakini upande wa pili wa mlima, Mgeta, wakulima wamelima kwenye ngazi kwa miaka mingi bila kusukumwa na askari. Kule ngazi hubeba kabichi, njegere na mboga nyingine zinazouzwa mjini, na maji ya kumwagilia huelekezwa humo humo. Jasho linarudi likiwa fedha, tena kwa yule yule aliyelitoa.

Baadaye likaja jaribio la namna nyingine. Kuanzia mwaka 2008 mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi Kibungo Juu, katika milima yetu hii, kwa wazo kwamba anayekunywa maji amlipe anayetunza chanzo. DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam kabla ya kuunganishwa na DAWASA mwaka 2018, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza walikubali kuwa walipaji. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti na majani ya kuzuia udongo, na wakapewa malipo kwa eneo walilolitunza. Malipo hayakuwa makubwa, na mradi ulitegemea sana fedha za wafadhili; ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Lakini kwa mara ya kwanza mji ulikiri kwa risiti kwamba kuna mtu anayebeba udongo kwa niaba yake.

Nikirudi kwenye mapaa ya mjini, naona swali ni lile lile. Udongo uliolowa wa kina cha sentimita 10 una uzito unaokaribia kilo 200 kwa kila mita moja ya mraba, wakati bati ni kilo chache tu. Kenchi za nyumba nyingi za Morogoro na Dar es Salaam zilipigiwa hesabu ya bati na upepo, basi. Hata zege si salama kwa kuwa ni zege. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi mjini, mkubwa alipenda bustani, vyungu vikapandishwa juu, na baada ya masika mawili majalada yetu yalikuwa yakianikwa ubaraza. Chini ya udongo ule hapakuwa na kitu cha kuzuia maji wala cha kuyatoa.

Nilimweleza mjomba wangu habari za Toronto. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na palizi, mwanangu? Nani anapanda huko?" Nikamwambia mwenye jengo hulipa watu. "Ah," akasema, "kama analipa, sawa."

Sheria ya Toronto haikumgusa mwenye kibanda. Ilimgusa anayejenga jumba kubwa, ambaye ana mhandisi na benki. Kwetu nafasi ipo kwenye majengo ya namna hiyo, ya serikali, benki na hoteli, yanayopanda kila mwaka na kumwaga maji yake yote barabarani kwa saa moja. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 Dar es Salaam, yalipita katika mabonde ambayo waliokaa humo hawakuwa wenye mapaa makubwa. Nguzo za majengo hayo zinaweza kuongezwa unene kwenye ramani, kabla hata msingi haujachimbwa. Mwenye bati naye ana njia yake: mfereji wa bati chini ya paa, tenki pembeni, na mchicha katika magunia ya udongo yaliyosimama chini, ambapo hata mtoto hufika na kopo la maji.