Dohani, Mgodi na Sindano

Katika karne ya 18 nyumba za London zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na masizi yake yaliziba dohani upesi. Dohani nyingine zilikuwa na upana wa sentimita 23 tu, kwa hiyo waliopandishwa humo kuzisafisha walikuwa watoto, wengi wao wametolewa na wazazi maskini kwa malipo. Sheria ya 1788 iliwakataza walio chini ya miaka 8, lakini haikusimamiwa. Mwaka uliofuata mshairi William Blake alichapisha shairi juu ya watoto hao. Mwaka 1794 aliandika la pili, kali zaidi, lililowashtaki wazazi, kasisi na mfalme.

Watu wazima nao waliumia: mwaka 1811 wafumaji wa soksi wa Nottingham walianza kuvunja mitambo. Wapo wanaosema waliogopa mashine. Lakini mtambo wa soksi ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200, na kilichowauma zaidi ni ujira uliopunguzwa. Serikali ilipotaka wavunjaji wanyongwe, mshairi Byron aliwatetea bungeni Februari 1812. Hakusikilizwa.

Kizazi kilichofuata kilipata kitu ambacho Blake hakuwa nacho, yaani ripoti za serikali. Tume iliyochunguza ajira ya watoto iliwahoji watoto wenyewe, na R. H. Horne, mmoja wa wachunguzi wake, alikuwa rafiki wa mshairi Elizabeth Barrett. Kutokana na ushahidi huo Barrett alitunga shairi la kilio cha watoto wa migodi na viwanda, likatoka Agosti 1843. Desemba, mshairi Thomas Hood akatunga shairi juu ya mshonaji. Viwanda vilikuwa vimeshusha bei ya kitambaa, lakini nguo bado zilishonwa kwa mkono, na maelfu ya wanawake walishindania kazi hiyo kwa senti chache.

Je, mashairi ndiyo yaliyoleta sheria? Wengi hupenda kuamini hivyo. Tarehe zinakataa: wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 walikatazwa kufanya kazi chini ya ardhi migodini mwaka 1842, kabla Barrett hajachapisha. Nao wafanyakazi walikuwa wakidai siku ya kazi ya saa 10 tangu miaka ya 1830. Mashairi, kwa maoni yangu, yalifikisha ushahidi kwa wasomaji ambao wasingefungua ripoti. Sheria ya saa 10 ilipita 1847, ikiwahusu wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Mshonaji wa Hood, aliyefanya kazi chumbani kwake, haikumgusa.