Kwa nini siklidi hubadilika rangi, na thamani yake hutokana na nini

Mnunuzi anayechagua siklidi katika duka la samaki wa mapambo kwa kuvutiwa na rangi pekee huenda, baada ya miezi michache, akajikuta na samaki tofauti kabisa na yule aliyemlipia. Rangi ya samaki huyu si pambo la kudumu. Ni ishara ya umri, jinsia, cheo na afya yake, na papo hapo ndiyo inayoamua bei yake.

Siklidi ni jamii kubwa ya samaki wa maji yasiyo na chumvi. Ngege anayeliwa na wengi nchini Kenya ni wa jamii hiyo, sawa na fulu, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani kandokando mwa Ziwa Victoria. Wengi wa siklidi wa rangi wanaofugwa katika matangi ya vioo Ulaya, Marekani na Asia wana asili ya maziwa matatu ya Afrika: Victoria, Tanganyika na Malawi. Kila ziwa lina mamia ya spishi ambazo hazipatikani kwingineko.

Rangi hutoka wapi?

Ngozi ya siklidi ina seli maalumu za rangi. Baadhi hubeba rangi nyeusi, nyingine njano au nyekundu, na nyingine zina fuwele ndogo zinazoakisi mwanga na kuleta samawati na mng'ao wa fedha. Chembe za rangi zikitawanyika ndani ya seli, samaki hukolea. Zikikusanyika katikati, hupauka.

Mwendo huo huongozwa na neva na homoni, ndiposa samaki aliyesafirishwa au kutishwa hupauka kwa muda mfupi, kisha rangi ikarejea akitulia.

Cheo nacho kina uzito. Dume la Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika likimiliki eneo lake huwa na rangi kali na mstari mweusi usoni. Likishindwa na dume jingine, mstari huo hutoweka kwa dakika chache na samaki hufifia mithili ya jike. Eneo likibaki wazi, dume mnyonge hutwaa nafasi hiyo na rangi humrudia upesi.

Mabadiliko mengine huja na umri. Makinda na majike ya Maylandia lombardoi wa Ziwa Malawi ni ya samawati yenye mistari myeusi, ilhali dume likikomaa huwa la njano. Anayenunua makinda akidhani rangi hiyo ni ya kudumu hana budi kushangaa baadaye.

Chakula pia huchangia. Samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi, viini vya rangi nyekundu na njano. Huvipata katika mwani na wadudu wadogo wa majini. Akinyimwa chakula hicho, hufifia hata kama ni mzima.

Bei hupangwaje?

Dume lililokomaa, lenye rangi kamili, huuzwa ghali kuliko jike au kinda. Thamani hupanda zaidi iwapo asili ya samaki inajulikana. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano, ana rangi tofauti kutoka ufuo mmoja wa mawe hadi mwingine, na wafugaji makini humtaja kwa jina la mahali alikovuliwa. Aina hizo zikichanganywa katika tangi moja huzaana, na watoto wasiojulikana asili hupoteza thamani.

Kwa kuwa rangi ni pesa, hila hazikosi. Wapo wafanyabiashara wanaowapa makinda na majike homoni za kiume ili wang'ae kabla ya wakati. Rangi hiyo hufifia dawa ikiisha, na uwezo wa samaki kuzaa unaweza kuharibika. Kundi la makinda ambalo kila mmoja wao anawaka kama dume pevu linafaa kutiliwa shaka.

Thamani ndani ya ziwa

Katika Ziwa Victoria, rangi ina thamani isiyopimwa kwa fedha. Spishi zipatazo 500 za fulu zilitokea humo katika muda wa takriban miaka 16,000 tu. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Alielezwa kisayansi mwaka wa 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Jike lake humtambua mwenzi kwa wekundu huo, na hivyo kumtenga na jamaa yake wa karibu mwenye dume la samawati.

Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 1997, ulionyesha kuwa maji yakichafuka na mwanga kupungua, majike hushindwa kutofautisha rangi. Spishi huanza kuchanganyika, na mwishowe hubaki fulu wachache wa rangi hafifu. Masaibu hayo yaliongezea yale ya mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuwamaliza fulu wengi kuanzia miaka ya 1980.

Siklidi aliyepauka katika tangi aweza kurejeshewa rangi kwa utulivu, maji safi na lishe bora. Spishi iliyoyeyuka ndani ya nyingine kwa sababu ya maji machafu hairudi, na hakuna bei ya kuinunua upya.