Mahali Motokari Inapokoma, Chini ya Ruwenzori

Wasomaji wetu wa Beni na Butembo hawana haja ya kuelezwa potopoto ni nini. Wamelala njiani, wamesukuma kamio, wamechimbua magurudumu kwa mikono. Lakini wasomaji wengine, wa Bukavu na wa mbali zaidi, hutuuliza: Mbona mlima huu mkubwa, wenye theluji mwaka mzima, wageni karibu wote huupanda kwa upande wa Uganda, nasi tulio na upande wake wa magharibi twausikia kwa masimulizi tu? Jibu la siku hizi ni vita, nasi tutafika huko. Kabla ya vita palikuwa na jibu jingine, nalo ni barabara. Tumeona vema kusimulia habari zake, kwani ndani yake mna jasho la wazee wetu, na jasho hilo halikuandikwa sana katika vitabu.

Kilele kikubwa cha Ruwenzori, kiitwacho Margherita, kina mita 5,109, nacho kipo mpakani mwa Kongo na Uganda. Stanley aliiona theluji yake tarehe 24 Mei 1888. Mwaka uliofuata alipita chini ya mlima kwa upande wetu, akamtuma msaidizi wake Stairs kupanda. Huyu alifika mita 3,200 na zaidi kidogo, akarudi kwa baridi na kwa kukosa chakula. Mwaka 1891 Mjerumani Stuhlmann alifuata bonde la mto Butahu akapita mita 4,000. Vilele vyenyewe vilipandwa mwaka 1906 na mtoto wa ukoo wa wafalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, naye alitokea Uganda. Hao wote walikuja kwa miguu, na vitu vyao vyote vilikuja juu ya vichwa vya watu.

Tukumbuke hapa jambo moja. Stanley aliitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe, kwa sababu ya njia aliyoipasua katika miamba ya Kongo ya chini, tangu Vivi, karibu na mwaka 1880. Baadaye jina hilo likawa jina la serikali yenyewe. Sisi huku mashariki tumezoea kusema Leta, lakini wazee wetu walisema Bula Matari pia. Basi serikali ya Kongo ilipewa jina kwa ajili ya barabara kabla haijajulikana kwa jambo jingine lolote. Wala si Stanley peke yake aliyeshika nyundo.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wa Kongo walikwenda hadi Tabora, wakauteka mji ule mwezi wa Septemba 1916. Nyuma yao na mbele yao walikwenda wapagazi, zaidi ya 200,000 kwa jumla ya vita vyote, wakibeba risasi na mchele. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, si kwa bunduki. Vita vilipokwisha wakubwa wengi walisema: Tufanye barabara za motokari, ili mtu wa Kongo asiwe tena mnyama wa mizigo. Neno hilo lilikuwa jema, nasi hatulicheki. Lakini barabara haishuki kutoka mbinguni. Ni nani atakayeilima?

Aliyeilima ni mtu yuleyule. Kila kijiji kilipewa sehemu yake, na chifu aliulizwa juu ya sehemu hiyo. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliruhusu kuwatoza watu wa vijiji siku 60 kwa mwaka kwa kazi za lazima, kama vile mashamba ya serikali na njia. Na wakati wa vita vya pili, mwaka 1942, siku hizo zikafika 120. Vijiji vingine vilihamishwa kutoka bondeni au kilimani vikapangwa kandokando ya barabara, ili watu wawe karibu na kazi na karibu na mtoza kodi. Ndiyo sababu hata leo ukipita njia zetu unaona nyumba zimejipanga kama askari, na mashamba yapo mbali nyuma.

Kuitunza ni kazi kubwa kuliko kuichimba. Barabara ya udongo katika msitu hufa kwa maji. Maji yakisimama mahali padogo, gurudumu la kwanza huyakanyaga na kurusha tope. La pili huzidisha. Gurudumu la mia limekwisha kuchimba shimo la kumzamisha mbuzi. Kwa hiyo njia hufanywa na mgongo katikati ili maji yaanguke pande mbili, na mitaro huzibuliwa kila mara, na mashimo hujazwa changarawe kabla hayajawa visima. Tena miti ya kandokando lazima ikatwe mbali, jua lipate kuingia, kwani kivuli cha msitu hulinda unyevu wiki nzima baada ya mvua. Kazi hii ilikuwa ya makantonye, kila mmoja na kipande chake, jembe lake na panga lake. Mvua ikinyesha, mti ulishushwa kukata njia, nayo ndiyo iliyoitwa barrière de pluie: hakuna kamio kupita mpaka udongo ukauke. Madereva walilaani sana ule mti. Nasi twaona ulikuwa na akili kuliko madereva, maana kamio moja lenye mzigo, likipita juu ya udongo mbichi, huharibu kwa saa moja kazi ya kantonye ya mwezi.

Mlima wetu ulifunguliwa katika siku hizo. Mwaka 1925 Wabelgiji waliweka Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, na baadaye Ruwenzori upande wa Kongo ikaingizwa ndani yake. Mwaka 1932 Xavier de Grunne aliongoza wataalamu na wapanda milima kutoka Ubelgiji, wakaupanda kwa bonde la Butahu. Kisha Mutwanga, chini ya mlima, pakawa mlango: pakajengwa hoteli, na juu vikajengwa vibanda vya kulala, Kalonge, Mahangu, Kiondo. Mgeni aliondoka Beni kwa motokari, akateremka kwenye bonde la Semliki, akavuka mto, akapanda tena hadi Mutwanga.

Na pale Mutwanga motokari ilikoma. Basi ni nini kilichotokea? Mzigo ulirudi kichwani na mgongoni. Barabara iliyoahidiwa kumpumzisha mpagazi ilimleta mgeni mpaka mlangoni pa mpagazi. Kutoka Mutwanga hadi Kiondo, penye mita 4,200 na zaidi, blanketi, sufuria, kuni na viatu vya barafu vilibebwa na vijana wa Wanande, wengi wao wenyewe bila viatu vya kutosha kwa baridi ile.

Sisi tulipita njia hiyo mara moja, zamani kidogo, tukiwa kikundi cha parokia ndani ya kamio la kukodi. Tulipanga kufika kabla ya adhuhuri. Tulifika usiku. Mara tatu tulishuka kusukuma; mara ya nne tulikuta vijana wamejaza shimo kwa mawe na matawi, wamelaza mti njiani, wanadai fedha. Tulikasirika. Mmoja wetu aliwaambia kwamba njia ni ya Leta, si yao. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando na jembe magotini akamjibu kwa upole: «Baba, Leta ni nani? Babangu alilima njia hii kwa kiboko, mimi nikailima kwa salongo, watoto hawa wanailima kwa njaa. Leta sijaona jembe lake.» Tulilipa. Kweli, walikuwa wamedai kidogo kuliko bei ya soda kwa kila mtu.

Tuseme haki: Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 ilihesabiwa kuwa na barabara zaidi ya kilometa 140,000, nyingi zikiwa njia za udongo kama hii. Wengine husikitikia hesabu hiyo kama watu wanaosikitikia paradiso. Hesabu hiyo ilisimama juu ya siku za lazima. Siku hizo zilipoondolewa, nazo zilistahili kuondolewa, hapakuwekwa mshahara wa kutosha mahali pake. Kisha yakaja maasi ya 1964 na miaka mirefu ya uzembe, na msitu ukarudisha kilicho chake.

Tangu mwaka 2014 mauaji yameingia wilaya ya Beni, na mwaka 2021 vijiji vya karibu na Mutwanga vikaonja msiba huo. Shimo la barabara likawa jambo la kutisha kwa namna mpya: dereva anayepunguza mwendo huogopa kilicho majanini kuliko kilicho majini. Mwaka huohuo wa 2021 serikali za Kongo na Uganda zilianza mpango wa kutia lami njia ya Kasindi hadi Beni, kilometa 80 hivi. Theluji nayo haikungoja. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kilometa za mraba 6 na nusu hivi. Mwaka 2003 haikufika hata moja.

Usiku ule kamio letu liliposimama Mutwanga na taa zake zikazimwa, tuliona kwanza kamba, kisha watu. Vijana wapatao kumi walikuwa wameketi ukutani, kila mmoja na kamba yake shingoni. Walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Walipima mizigo yetu kwa mkono mmoja mmoja, wakigawana mizito na myepesi bila ugomvi, na aliyepata mfuko wa mchele alitaka kujua kama tulipita kwa babake, pale kwenye mti uliolazwa njiani.