Pengo la Miaka Kumi na Sita: Madaftari ya Vifo ya Kaunti za Virginia na Ushahidi wa Urithi, 1853–1912

1.0 Utangulizi

Katika jimbo la Virginia nchini Marekani, usajili wa vifo kwa mujibu wa sheria ya jimbo ulianza mwaka 1853, ukakoma mwaka 1896, kisha ukarejeshwa Juni 14, 1912. Kati ya tarehe hizo mbili za mwisho, serikali ya jimbo haikuwa na utaratibu wa jumla wa kuandika nani amekufa, lini, na kwa sababu gani. Kwa mwanahistoria, hilo laweza kuonekana kuwa kasoro ya kiutawala tu. Kwa familia inayodai ardhi iliyonunuliwa na babu aliyezaliwa utumwani, ni tofauti kati ya kuwa na ushahidi na kukosa ushahidi.

Makala haya yanachunguza namna rekodi hizo zilivyoandikwa, nani aliziandika na kwa lengo gani, ili kueleza jinsi zinavyopaswa kutafutwa na kutumiwa mahakamani au katika utafiti wa nasaba. Hoja kuu ni kwamba rekodi ya kifo ni zao la ofisi iliyoiandika kabla ya kuwa habari za marehemu. Kwa sababu hiyo, kutokuwepo kwa jina katika daftari si uthibitisho kwamba mtu hakufa mahali hapo, na kuwepo kwa jina si uthibitisho kwamba kila kilichoandikwa kando yake ni kweli.

2.0 Sheria ya 1853 na Kazi ya Watoza Kodi

Bunge la Virginia lilipitisha sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwezi Aprili 1853. Halikuunda ofisi mpya kwa ajili ya kazi hiyo, bali liliwakabidhi makamishna wa mapato, ambao tayari walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kila mwaka kukadiria mali zinazotozwa kodi. Kamishna alimwuliza mkuu wa kaya ni nani aliyezaliwa na ni nani aliyefariki katika mwaka uliopita, akaandika majibu, kisha akayawasilisha kwa karani wa mahakama ya kaunti. Karani aliyanakili katika daftari, akatayarisha faharasa ya majina, na kupeleka nakala kwa Mkaguzi wa Hesabu za Umma mjini Richmond.

Utaratibu huo una athari tatu kwa mtafiti. Kwanza, habari zilikusanywa mara moja kwa mwaka, miezi kadhaa baada ya msiba. Mtoto mchanga aliyeishi siku chache, mgeni aliyefia njiani, au familia iliyohama kabla ya kamishna kufika, wote waliweza kuachwa nje. Pili, sababu ya kifo ilikuwa maelezo ya aliyehojiwa, na mara nyingi haikuwa kauli ya daktari. Tatu, kila rekodi ilikuwa na nafasi ya kuandikwa mara mbili, kaunti na Richmond.

Athari hii ya tatu ndiyo iliyookoa mengi. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, majengo kadhaa ya mahakama za kaunti yaliteketea. Baadhi ya kaunti, James City ikiwa mojawapo, zilihamishia nyaraka zao Richmond kwa ajili ya usalama, nazo zikaungua humo wakati mji ulipoanguka mwezi Aprili 1865. Mtafiti anayeambiwa na karani wa kaunti kwamba daftari halipo hana budi kuuliza pia kuhusu nakala za Mkaguzi, ambazo leo zinapatikana kwa mikrofilamu katika Maktaba ya Virginia.

3.0 Vifo vya Watumwa

Sheria ya 1853 iliagiza kwamba vifo vya watumwa viandikwe pia, pamoja na jina la mmiliki. Agizo hilo halikutokana na heshima kwa marehemu. Mtumwa alikuwa mali inayotozwa kodi, na kamishna aliyekuwa akihesabu mali hiyo ndiye huyo huyo aliyeandika vifo. Hivyo mtoa taarifa kwa kawaida alikuwa mmiliki au msimamizi wa shamba. Marehemu alitajwa kwa jina moja, na nafasi ya majina ya wazazi mara nyingi iliachwa tupu.

Hata hivyo, uzito wa madaftari haya unaonekana yakilinganishwa na vyanzo vingine vya wakati huo. Sensa za mwaka 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, kwa kawaida bila majina yao wenyewe. Sensa ya kwanza iliyowataja kwa majina watu wote waliokuwa watumwa ni ile ya mwaka 1870. Kwa mtu aliyefariki kati ya 1853 na 1865, mstari mmoja katika daftari la kaunti waweza kuwa mahali pekee ambapo jina lake limeandikwa na ofisi ya serikali.

Namna ya kuutafuta mstari huo inafuata namna ulivyoandikwa. Faharasa nyingi hazimfikishi mtafiti popote akianza na jina la ukoo ambalo familia ililitumia baada ya uhuru. Lazima aanze na jina la mmiliki, alipate katika hati za wosia, orodha za mali za marehemu na vitabu vya kodi, ndipo arudi katika daftari la vifo. Kwa hiyo mzao wa mtumwa humtafuta babu yake kupitia familia iliyommiliki. Huo ni urithi mchungu wa chanzo chenyewe, na hakuna mbinu ya utafiti inayoweza kuuondoa.

4.0 Pengo la 1896–1912

Sheria ya usajili ilipofutwa mwaka 1896, majiji machache, yakiwemo Richmond na Norfolk, yaliendelea kutunza rekodi zao. Sehemu za mashambani hazikuwa na utaratibu kama huo. Hesabu ndogo inaonyesha ni nani walioathirika. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 30 alipopata uhuru mwaka 1865 alikuwa na miaka 61 mwaka 1896 na miaka 77 mwaka 1912. Kwa maneno mengine, kizazi cha watu wazima walioachwa huru, ambacho ndicho kilichonunua ardhi yake ya kwanza, kilikuwa kikifikia mwisho wa maisha yake katika miaka ile ile ambayo jimbo liliacha kuandika vifo.

Matokeo ya kisheria yapo hadi leo. Mnunuzi wa kizazi hicho alipofariki bila wosia, ardhi iliwapitia warithi wake kwa pamoja bila kugawanywa, na warithi wa warithi hao wakaongezeka. Ardhi ya namna hiyo huweza kupotea pale mwenye hisa ndogo, au mtu aliyeinunua hisa hiyo, anapoiomba mahakama iiuze yote. Mwaka 2020 Virginia ilianza kutumia sheria inayowapa warithi ulinzi zaidi katika mashauri ya mgawanyo. Lakini ulinzi huo hauondoi haja ya mlolongo unaothibitika: nani alifariki, lini, na aliacha nani.

Pale ambapo daftari la vifo halipo, ushahidi hutafutwa katika nyaraka za mali. Vitabu vya kodi ya ardhi huonyesha mwaka ambao jina la mmiliki lilianza kuandikwa kama mali ya marehemu. Mashauri ya kugawanya ardhi, ambayo mengi yameorodheshwa na Maktaba ya Virginia, huwataja warithi na uhusiano wao. Sensa za 1900 na 1910 humweka marehemu kati ya waliokuwepo na wasiokuwepo. Madaftari ya makanisa na maandishi ya makaburini hukamilisha yaliyobaki. Hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivi kinachotosha peke yake, ila vinapokubaliana huweza kuonyesha kile ambacho cheti kingekionyesha.

5.0 Ofisi ya Usajili Baada ya 1912

Sheria ya 1912 ilianzisha ofisi ya takwimu za maisha ya jimbo na cheti cha kifo cha mtindo wa kisasa. Cheti hicho kilitaja mahali na tarehe, sababu ya kifo, pamoja na majina ya wazazi. Kwa sababu hiyo, cheti cha mtu aliyezaliwa utumwani na kufariki mwaka 1915 chaweza kuwa na majina ya wazazi ambao hawakupata kuandikwa popote walipokuwa hai. Hata hapo, mtafiti hukumbuka kwamba majina hayo yalitolewa na aliyebaki, mara nyingi mtoto wa marehemu, kwa kumbukumbu tu.

Ukamilifu wa fomu haukuwa ukamilifu wa ukweli. Msajili wa kwanza, daktari Walter Plecker, aliyeshika ofisi hadi mwaka 1946, aliitumia kutekeleza sheria ya ubaguzi wa rangi ya mwaka 1924. Alishikilia kwamba jamii za wenyeji wa asili wa Virginia hazikuwa tena na watu halisi, akaamuru waandikwe kuwa weusi. Mwaka 1943 aliwapelekea maofisa wa kaunti orodha ya majina ya koo zilizopaswa kushukiwa. Rekodi hizo zilipotakiwa baadaye kama ushahidi wa kuendelea kwa jamii hizo, zilikuwa zimekwisha kuwafuta. Jamii sita zilipata kutambuliwa na serikali kuu kwa njia ya sheria ya Bunge la Marekani mwezi Januari 2018.

6.0 Mpangilio wa Utafutaji

Kutokana na historia hii, utafutaji huanza na tarehe, kisha mamlaka, kisha matumizi. Tarehe huonyesha ni mfumo upi uliokuwepo. Mamlaka inahitaji uangalifu kwa kuwa majiji ya Virginia hayamo ndani ya kaunti kiutawala: aliyefia jijini Richmond hatafutwi katika madaftari ya kaunti ya Henrico inayopakana nalo. Mipaka nayo ilibadilika. Kaunti ya Dickenson iliundwa mwaka 1880 tu, na kaunti zilizojitenga mwaka 1863 zina rekodi zao katika jimbo la West Virginia.

Matumizi ndiyo huamua aina ya nakala. Kwa nasaba, picha ya ukurasa wa daftari inatosha. Kwa mahakama au mirathi, huhitajika nakala iliyothibitishwa na ofisi inayoitunza rekodi. Vyeti vya jimbo huwa wazi kwa umma miaka 25 baada ya kifo. Kabla ya hapo hutolewa kwa ndugu wa karibu na wengine wanaoruhusiwa kisheria.

7.0 Hitimisho

Madaftari ya vifo ya Virginia yaliandikwa na mtoza kodi, yakaachwa kwa miaka kumi na sita, kisha yakashikwa na msajili aliyekuwa na lengo lake mwenyewe. Katika kila hatua, waliokuwa na nguvu ndogo ndio waliopoteza zaidi. Mahakama inayoomba cheti cha mtu aliyefariki shambani mwaka 1903 inaomba hati ambayo huenda haikupata kuandikwa. Mtafiti anayefahamu hivyo huwasilisha nyaraka za mali, sensa na kanisa pamoja na maelezo ya pengo lenyewe, ili ukimya wa daftari usihesabiwe dhidi ya warithi ambao hawakuusababisha.