Anajuta, Lakini Hajaomba

Barua iliyonitoa chuo ilianza kwa neno "regret". Walijuta kunijulisha kwamba jina langu halipo tena kwenye orodha ya muhula, karo haijakamilika. Niliisoma kwa simu nikiwa ndani ya matatu, nikajiuliza: ni nani hasa anayejuta hapa? Hakuna mtu aliyenipigia. Tangu siku hiyo mimi na hilo neno hatuelewani.

Ndiyo maana nilishtuka nilipokutana nalo tena sebuleni kwa shosho. Ilikuwa tarehe 31 Oktoba 2023, na Mfalme Charles alikuwa amehutubia dhifa pale Ikulu, Nairobi. Alizungumzia ukatili waliotendewa Wakenya wakipigania uhuru, akasema hauna kisingizio, na kwamba anahisi "sorrow" na "regret". Shosho hasikii Kizungu. Akanigeukia.

"Ameomba msamaha?"

"Amesema anasikitika sana, shosho. Anajuta."

"Si hilo nimekuuliza."

Shosho alikuwa msichana mdogo wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Familia yake ilikuwa kati ya watu zaidi ya milioni moja waliohamishwa kwa lazima na kufungiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Swali lake halikuwa la sarufi.

Kwa Kiingereza, "regret" na "apology" hukaa karibu sana. Mtu akikukanyaga anaweza kutumia lolote ukamwelewa. Lakini serikali huchagua moja kwa makini. Mwaka 2009, wazee watano walifungua kesi London kuhusu mateso ya kambi za wakoloni. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alinusurika Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo Machi 1959. Kesi ilipofika mwisho, tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni. Alikubali kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali yake inajuta, "sincerely regrets". Akatangaza paundi milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani. Halafu akaongeza kwamba serikali bado inakataa kubeba dhima ya matendo ya utawala wa kikoloni.

Yaani, tunajuta yalitokea, lakini si sisi.

Cha kushangaza ni asili ya maneno haya. "Regret" lilitoka Kifaransa cha kale, likimaanisha kumlilia maiti. "Apology" lilitoka Kigiriki, na maana yake ilikuwa hotuba ya kujitetea. Socrates alipojitetea mahakamani mwaka 399 KK, hotuba yake ikaja kuitwa hivyo, na wala hakuomba radhi kwa lolote. Kwa hivyo Hague alitumia neno la kilio kufanya kazi ya utetezi. Maneno yamebadilishana viti.

Siku moja baada ya ile dhifa, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, Tanzania. Aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wa pale wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Usinielewe vibaya, hakuja na fidia. Waingereza walilipa bila kuomba, yeye aliomba bila kulipa. Sijui ukipewa uchague ungechagua nini. Wazee wengi wa kesi ile walikuwa wanahitaji pesa za dawa, si mistari ya hotuba.

Lakini swali la shosho lilinifungua macho. Kujuta unaweza kujuta peke yako, hata ukiwa chumbani umefunga mlango. Kuomba kunahitaji mtu wa pili, na huyo wa pili anaweza kukataa. Nadhani hapo ndipo wakubwa huogopa, zaidi hata ya pesa. Hata ile barua ya chuo haikuniomba chochote, kwa hivyo sikuwa na cha kujibu.

Nilipomweleza shosho habari ya Songea, alinyamaza kidogo. Nikamuuliza kama Mfalme angeomba, angemsamehe?

"Hilo," akasema, "ningeliamua mimi."